Mbegu ya Waliobaki

Buruburu, Nairobi
4 Februari 2024

Mpendwa Everline,

Barua yako niliikuta imefungwa kwa uzi juu ya kikapu cha mrenda, na mrenda wenyewe tumeula. Mwambie mama mkwe wako Roseline kwamba salamu zake zimefika. Mimi mzima, ila masikio. Siku hizi simu ikilia, mjukuu wangu Annah ndiye anayesikiliza, kisha ananirudishia maneno kwa kunipigia kelele, na majirani wa pande zote mbili wanapata habari zangu kabla yangu mwenyewe. Kwa hiyo endelea kuniandikia. Basi la Chavakali liko kila siku, na karatasi haina sauti.

Umeniuliza kwa niaba ya wanawake wa kikundi chenu: kuku gani afugwe kwa ajili ya mayai, tena mayai ya kuwauzia watu wanaotaka kutotolesha? Ni swali zuri, na jibu lake si jina moja.

Kuna Leghorn mweupe. Anakula kidogo na anataga karibu kila siku. Lakini ana woga, sufuria ikianguka anapanda ukuta, na akizeeka hana nyama. Ukimwekea shemeji yako Leghorn mezani atadhani umemchinjia njiwa.

Kuna kuku wa gredi, wale wekundu wanaonunuliwa wakiwa vifaranga wa siku moja. Hao wanamshinda hata Leghorn. Hapa ndipo watu wengi wa mitaa yetu ya Eastlands walipopotea. Kuku wa gredi amepatikana kwa kuchanganya koo kadhaa kwa hesabu. Yeye ni hodari, binti yake si hodari. Ukitotolesha mayai yake utapata kuku wa kila namna, na mteja atarudi na maneno. Tena wengi hufugwa bila jogoo, na yai lisilopitiwa na jogoo utaliatamiza mwezi mzima nalo litabaki yai. Gredi ni wa mayai ya kula, basi.

Wa tatu ni kienyeji wetu. Anajitafutia chakula, analea, anavumilia. Ila akishataga mayai machache analala juu yake, na mwaka unaisha.

Ndiyo sababu nilipostaafu ofisi ya reli nilianza kutengeneza wangu. Nilichukua majogoo wekundu wa Rhode Island, nikawapa mitetea wa kienyeji kutoka nyumbani, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kuchagua. Natotolesha wengi. Katika wiki za kwanza baadhi yao hujikunyata, mabawa yakalegea, kinyesi cheupe kama chokaa kikawaganda nyuma, wakafa. Siwapi dawa. Dawa humficha aliye dhaifu hadi akue aje azae dhaifu wenzake. Nawaacha wajichuje. Waliobaki nawapima kwa mayai, na walio bora kati yao ndio mama wa mwaka unaofuata. Nimefanya hivyo miaka kumi na miwili, na leo mtu wa Kayole au Umoja akitaja kuku wa Luseno, anajulikana ni kuku gani.

Nawatumia mayai yao. Yasiosheni, maana ganda lina utando wa kuzuia uchafu usiingie. Yapangwe ncha ikiwa chini. Yakifika yapumzike siku nzima kabla ya kuingia kwenye mashine yenu ya kutotolesha.

Kuna jambo moja gumu. Kabla vifaranga hawajatoka, kuku wote wa zamani waondoke katika kila nyumba ya kikundi. Jogoo mmoja wa kienyeji akibaki kilimani, mbegu itachanganyika na kazi yangu yote itamwagika. Najua kwetu mgeni hawezi kuondoka bila kuku hai mkononi, na nyumba isiyo na kuku ni kama nyumba isiyo na mlango. Vumilieni miezi michache. Mtakuwa na kuku wa kumpa hata mkuu wa wilaya.

Mjomba wako,
Caleb Luseno


Chavakali
17 Machi 2024

Mjomba,

Tunakusalimu sote. Mayai yalifika bila hata moja kupasuka. Kondakta aliyakumbatia toka Nairobi. Anasema ulimwambia yakivunjika atayaatamia yaliyobaki yeye mwenyewe.

Tulifanya kama ulivyosema. Kuku wa zamani wameondoka. Haikuwa rahisi. Mama Roseline alikuwa na mtetea mweusi wa ukoo wa yule aliyepewa kwao siku alipoolewa. Alimshika mwenyewe, akamchinja, na hakuonja hata mchuzi. Aliniambia, "Everline, nimemwamini mjomba wako kuliko nilivyomwamini mume wangu. Haya, tuone." Sasa hakuna ua kilimani wenye kuku. Asubuhi ni kimya, mpaka mtu anachelewa kuamka. Mchungaji alitutembelea akaondoka na mkungu wa ndizi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyependa ndizi.

Mayai mengi yalitotolewa. Wanawake walikuja kutazama, wakaimba. Baada ya siku chache nikaanza kusikia kilio. Si mlio wa kawaida wa kifaranga. Akitaka kunya anapiga ukelele mkali kama mtu aliyedungwa sindano, kisha ananyamaza na kusimama macho amefumba. Wachache wamekufa.

Nimekueleza tu ili ujue. Labda ndio kule kujichuja ulikokutaja.

Mwanao,
Everline Mideva


Buruburu
24 Machi 2024

Mpendwa Everline,

Jana mama mkwe wako alipiga simu. Annah alipokea, akasimama kibarazani, akanipigia kelele mimi babu yake: "Guga, anasema vifaranga zimededi. Nusu. Anasema nusu yake." Abdijabar wa nyumba ya pili alikuwa akiosha gari, alifunga mfereji ili asikie vizuri. Kwa hiyo "wachache" wako najua sasa ni wangapi. Sikukemei. Ila mtu akimficha mganga kidonda, dawa itapakwa penye ngozi nzima.

Sasa tusaidiane kufikiri. Machi kwenu kuna mvua na upepo wa kilimani. Kifaranga hana manyoya kamili, ana vinyoya laini tu, na baridi ikimpiga tumbo linalegea. Usitazame taa kujua kama joto linatosha. Watazame wao. Wakirundikana katikati, wana baridi. Wakikimbilia pembeni wakitweta, wana joto kupita kiasi. Wakitawanyika kama watoto uwanjani, umepatia. Matandiko ya maranda yakilowa, yabadilishe siku hiyohiyo. Na usiwaweke wote chumba kimoja, gawa.

Sitaki mfanye haya kwa sababu mzee wa Nairobi amesema. Fanyeni kwa sababu mmeelewa. Siku zote nikikwambia jambo nitakwambia na sababu yake, na siku utakayoletewa neno la kuku lisilo na sababu, hata likitoka kwa daktari, lirudishe kwa mwenyewe.

La mwisho, na hili ni kubwa. Waliobaki msimchinje hata mmoja. Hao wamepigwa na baridi, na njaa, na safari ya ganda kutoka Buruburu, na bado wamesimama. Hao ndio mbegu yenu. Mwenzao aliyekufa amewafanyia kazi ya kuchagua bila kuwalipisha.

Natuma mayai mengine na kondakta yuleyule.

Mjomba wako,
Caleb Luseno


Chavakali
12 Mei 2024

Mjomba,

Mayai ya pili yalitoka. Joto nililishika. Maranda nilibadilisha. Nimewagawa vyumba viwili, na kimoja ni chumba changu. Mimi nalala jikoni. Walitawanyika vizuri kama watoto uwanjani, kisha wakaanza kulia kilio kile.

Hawakufa wengi kama mara ya kwanza. Safari hii sikufichi: ni kama theluthi.

Hakuna anayenitukana, Mjomba. Afadhali wangenitukana. Wakipita njiani wananisalimia wakitazama migomba. Lenah, tuliyebatizwa naye siku moja, nilimmiminia chai akasema amefunga. Hakufunga, nilimwona sokoni akila mhogo. Mtu mmoja kisimani, sitamtaja, alisema kwamba mimi niliwatoa kuku wao kwa maneno ya Nairobi, na sasa kifo kimeletewa kitanda kwangu. Mama Roseline ananitetea mchana, lakini jioni namsikia akimwita yule mtetea wake mweusi, polepole, kama anajaribu jina.

Kama hawa wakiisha sitaweza kuishi hapa. Nasema kweli. Hakuna atakayenifukuza, watanyamaza tu mpaka nijiondoe.

Nakuuliza jambo moja na usikasirike. Kwako hapo Buruburu, hawafi hivi?

Mwanao,
Everline


Majengo, Nairobi
26 Mei 2024

Mzee Luseno,

Ni mimi Kathini wa mashine ya kutotolesha. Haya maneno ningekwambia kwa simu, lakini siwezi kumpa Annah ayatangazie Buruburu nzima. Nimeyaweka ndani ya trei zako, chini kabisa, ili uyapate wewe.

Unajua natotolesha mayai ya watu wengi katika mashine moja: ya kwako, ya Muthoki, ya Amino. Tangu Januari wateja wamenikalia vibaya. Wanachukua vifaranga wazima, wiki haiishi wanarudi na sanduku la maiti. Amino ameniuliza kama nauza kuku au natoa huduma ya mazishi. Nilicheka, maana ungefanyaje?

Mwezi wa nne ulipoenda mazishini nyumbani, mayai yako hayakuingia. Mwezi ule karibu wote waliishi. Mwezi huu yako yameingia, wameanza tena kulia na kunya chokaa, wako na wa Amino na wa Muthoki pamoja, kwa sababu wakitotolewa wote wanavuta vumbi la manyoya lilelile.

Nimeanza biashara hii kwa mkono wako, sijasahau. Chuoni nilisomea uhasibu, kuku nilisomea kwako. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza kabla sijamwambia mtu. Kuna daktari wa mifugo anayeweza kupima damu ya kuku wakubwa. Nimlete?

Kathini


Buruburu
28 Mei 2024

Kathini,

Trei nimezipata, na lililokuwa chini yake.

Mashine ya kutotolesha ni kama hospitali. Kila anayeingia huacha kitu. Kila mzigo ukitoka, mashine inapaswa kuoshwa kwa maji ya moto na dawa, ikaushwe, ifukizwe milango ikiwa imefungwa. Niambie ukweli: mara ya mwisho uliifukiza lini? Kwako Majengo vumbi la Gikomba linaingia kwa dirisha, watu wanaingia na viatu, mayai yanatoka kila kona. Mwezi wa nne ulikuwa na mayai machache, msongamano ulipungua, hewa ilikuwa nzuri. Hapo pana sababu ya kutosha bila kuwasingizia kuku wangu, ambao ukija leo utawakuta wanang'aa na wanataga.

Mgonjwa hatagi, Kathini. Hilo mtoto anajua.

Daktari hana haja ya kuja.

C. Luseno


Chavakali
18 Agosti 2024

Mjomba,

Swali langu la Mei hukulijibu, na nimeelewa kwamba halikustahili jibu. Nisamehe. Nilikuwa nimechoka.

Wanataga. Alianza mmoja wa Mama Roseline, akamtagia ndani ya kikapu cha nguo safi. Badala ya kumfukuza mama alikuja kuniita kwa miguu peku. Sasa wanataga karibu wote, mayai ya rangi ya chai yenye maziwa. Ungewaona, Mjomba. Shingo zao zina rangi ya shaba, na majogoo wanatembea kama wenyeviti wa kamati. Wote hawa ni waliobaki. Ulisema tusimchinje hata mmoja, na kuna siku nilishika kisu.

Lenah amekunywa chai yangu. Alimaliza, akaomba nyingine, akasema ile ya kwanza ilikuwa ya deni.

Watu wa kilima cha pili wanakuja kuomba mayai ya kutotolesha. Tumewaambia wasubiri kidogo, majogoo wakomae. Mama Roseline amesimama kanisani akashukuru kwa jina lako, na waliokuwa wakitazama migomba walipiga makofi. Nimerudi kulala chumbani kwangu.

Mwanao,
Everline Mideva


Majengo
2 Septemba 2024

Mzee wangu,

Najua ulikasirika nilipokuja na daktari Jumamosi bila ruhusa yako. Ungenifukuza ningeondoka. Hukunifukuza, nami nikarudi kwenye mashine kabla hajaanza kupima.

Amepita hapa leo. Anasema majibu amekupa mwenyewe, mkono kwa mkono, na kwamba ulimwekea chai, ukamwonyesha picha za harusi ya mwanao, na hukumuuliza swali hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa. Wewe huwezi kununua kiberiti bila kuuliza kilitengenezwa wapi.

Mimi nimezima mashine. Nimewaambia wateja wote sababu. Muthoki alinitusi Gikomba mbele ya watu, akataja mpaka bibi yangu. Nilisimama nikasikiliza, kisha nikamsaidia kubeba masanduku.

Je, mpwa wako wa Chavakali? Mwambie leo, Mzee, na umwambie yote. Mimi mwenyewe nisingechinja kuku anayetaga kwa sababu ya barua tu.

Kathini


Buruburu
8 Septemba 2024

Kathini,

Nakushukuru kwa barua. Wewe unastahili maelezo, kwa hiyo nitakueleza.

Daktari alimdunga kila kuku kwenye mshipa wa bawa, akachukua tone la damu, akaliweka juu ya kigae cheupe. Akaongeza tone la dawa ya zambarau, akakitikisa kigae polepole. Damu ya kuku mzima hubaki laini. Ya mwenye ugonjwa huganda punje punje, kama maziwa yaliyokatika. Annah alishika kuku, mimi nilishika kigae. Karibu kila tone liliganda. Nilipomletea yule mtetea wangu bora, ambaye hajakosa kutaga tangu Januari, damu yake iliganda kabla hajamaliza kutikisa.

Mdudu wa ugonjwa huu huishi ndani ya kuku, pale yai linapoumbika. Kifaranga hutoka naye ndani ya ganda. Wengine hufa katika wiki za kwanza. Asiyekufa huonekana amepona. Anakua, anang'aa, anataga, na katika baadhi ya mayai yake anamweka mdudu yule tena. Dawa hupunguza vifo, haimsafishi kuku. Kwa hiyo aliyebaki hakuushinda ugonjwa. Aliubeba. Baridi haikuwa sababu, wala maranda, wala mashine yako. Mimi nimekaa miaka kumi na miwili nikichagua wabebaji, nikiwatoa wasioubeba vizuri, nikiwaoza wanaoubeba kwa wenzao, na nikiwauzia watu.

Sasa umeelewa. Everline naye akielezwa ataelewa, maana ana akili kuliko wengi niliofanya nao kazi reli. Ndilo linalonizuia. Ataelewa kwamba aliponiuliza kama kwangu hawafi, nilijua kwamba wanakufa, nikanyamaza. Ataelewa mtetea mweusi wa mama mkwe wake alichinjwa kwa ajili ya nini. Halafu itambidi asimame mbele ya wanawake wale awaeleze, na jina atakalolitaja ni langu, ambalo wiki tatu zilizopita lilitajwa madhabahuni.

Nitamwandikia awachinje. Ananiheshimu, atatii. Sababu haitaongeza kitu kwenye kisu. Simu sipigi, ningelazimika kumpa Annah maneno hayo ayapaze kibarazani.

Wa kwangu nitawaondoa kidogo kidogo, nikianza na wazee. Bado wanataga. Usinisukume.

Caleb Luseno


Buruburu
8 Septemba 2024

Everline,

Chinjeni kuku wote. Wote, na majogoo, katika kila nyumba ya kikundi. Mayai yaliyo kwenye mashine yatolewe yachomwe. Matandiko yachomwe. Asiuzwe hata mmoja akiwa hai, asipewe mtu. Lifanyike wiki hii.

Usiulize sababu. Ni mimi mjomba wako nimesema, na hilo litoshe. Mayai mengine sitatuma.

Caleb Luseno


Chavakali
1 Desemba 2024

Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Nimepiga simu mara nyingi. Juzi Annah alipokea kwa siri, akasema umemkataza kupokea simu za huku, kwamba unakaa tu uani ukitazama banda, na kwamba kuku wamepungua. Nilimwuliza, "Guga anaumwa?" Akasema, "Haumwi, auntie. Amenyamaza tu. Hata haniambii kwa nini mvua inanyesha." Nililia kidogo, kisha nikamwambia akuchemshie uji wa wimbi.

Barua yako ya Septemba niliisoma peke yangu kwanza. Nikaigeuza nyuma kutafuta ulipoandika sababu. Nikafungua bahasha yote, nikaipasua pembeni, labda kuna karatasi nyingine imekwama. Kisha nikaipeleka kwenye kikundi, maana kuku si wangu peke yangu.

Mama Roseline alisema, "Ameona tumeanza kuuza. Wazee wa Nairobi ndivyo walivyo, wanakupa jembe kisha wanadai shamba." Nilimwambia, mama, mjomba wangu hana wivu. Lenah akasema labda ni umri, kwamba baba yake pia alianza hivyo, siku moja akaamka akaamuru ng'ombe wote wakatwe mikia. Wakaniangalia mimi. Mimi ndimi ninayekujua.

Nikawaambia hivi: mjomba wangu hajawahi kuniambia nigeuze yai bila kunieleza ndani ya yai kuna nini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniandikia kwamba neno la kuku lisilo na sababu lirudishwe kwa mwenyewe. Hii barua ina mwandiko wake, lakini yeye hayumo. Siku aliyoiandika alikuwa mgonjwa, au ana huzuni ambayo hakutaka kunitwika. Nikasema tumngoje atuandikie tena. Tukangoja Septemba, tukangoja Oktoba. Hukuandika. Basi tukajua kwamba umeshasahau ulichoagiza, na hatukutaka kukuaibisha kwa kukukumbusha.

Hatukuwachinja. Usikasirike. Ukipata fahamu zako, utatushukuru.

Mayai yetu wenyewe yametotolewa mara mbili sasa. Baadhi ya vifaranga walilia na kufa, lakini safari hii hakuna aliyeogopa. Wanawake wapya wanaposhtuka nawaketisha nawaeleza kama ulivyonieleza, kwamba wanajichuja, kwamba wasiwape dawa, kwamba atakayebaki ndiye wa kutunza. Naeleza vizuri, Mjomba. Mama Roseline anasema akifumba macho anakusikia wewe. Kilima cha pili wameondoa kuku wao wa zamani wote, na cha tatu, na kikundi kimoja cha upande wa Luanda wanaondoa wiki hii. Kila nyumba imepewa mitetea na jogoo. Mtu wa Busia amechukua mayai mengi, anasema atavuka nayo mpaka.

Na sasa ni Desemba. Watu wameanza kushuka kutoka Nairobi, Mombasa, Nakuru, hata wale ambao hawajaonekana tangu korona. Kuna harusi mbili na mahari tatu hapa kilimani peke yake. Mwaka huu wote tulikuwa tukiwasindikiza wageni kwa ndizi na aibu. Sasa kila mgeni atakayekuja ataondoka na mtetea anayetaga, aende naye kwao, popote kwao palipo.

Tumeketi tangu asubuhi chini ya paa la Mama Roseline, wanawake wote, tunacheka, tunakata kamba za kufungia miguu.

Mwanao akupendaye,
Everline Mideva